Kapsuli za Majani ya Mstafeli Kutoka Kisumu: Tathmini ya Kopo na ya Karatasi Yake

Kopo ni la plastiki nyeupe lenye kifuniko cha kijani, na ndani yake mna kapsuli 60 za majani ya mstafeli, kila moja ikiwa na miligramu 500. Linauzwa shilingi 2,800 katika duka la mitishamba lililo karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na pamoja nalo mnunuzi hupewa pakiti ndogo ya majani makavu ya kuchemsha na karatasi iliyokunjwa mara tatu, inayoeleza kwamba majani hayo yanaua saratani na kwamba sayansi imekwisha kuthibitisha. Jina la duka sitalitaja. Bidhaa za namna hii, zikiandamana na karatasi zinazokaribia kufanana neno kwa neno, nimeziona Nakuru, Kakamega na hata kwenye vibanda vya stendi ya Busia, kwa hiyo nitakayoyasema juu ya kopo hili yanayahusu makopo mengi.

Nianze na yanayostahili sifa, maana yapo. Duka ni safi, mitungi imepangwa na kuandikwa majina, na mwenye duka humsikiliza mteja bila haraka, jambo ambalo mtu aliyezoea foleni ndefu hulithamini pengine kuliko chochote kilichomo mitungini. Majani ya pakiti yalikaushwa kivulini, kwani rangi yake ya kijani haikufifia, na kwa umbo, mng'ao na mshipa wa katikati uliotokeza ni majani ya mstafeli kweli, Annona muricata, wala hayakuchanganywa na majani mengine ili kuongeza uzito. Chai yake ina ladha ya nyasi kavu na uchungu mdogo unaobaki nyuma ya ulimi, nayo hunyweka hata bila sukari. Kama duka lingeishia hapo, likauza majani hayo kama kinywaji, ningeandika aya moja na kwenda zangu.

Mashaka yanaanza kwenye lebo. Upande wa mbele imeandikwa kwa herufi kubwa "Dondoo la Mstafeli", ilhali nyuma, kwa herufi ambazo mzee hazisomi bila miwani, yaliyomo yanatajwa kuwa "unga wa majani, asilimia 100". Hivyo ni vitu viwili tofauti, kama vile gunia la miwa lisivyokuwa gunia la sukari. Unga ni jani lililosagwa pamoja na nyuzinyuzi zake zote. Dondoo hupatikana kwa kuloweka jani katika kiyeyusho, kuchuja, kisha kukausha kiyeyusho hicho hadi kibaki kile tu kilichotoka ndani ya jani, ambacho kwa kawaida ni sehemu ndogo ya uzito wa mwanzo. Nilifungua kapsuli na kuimwaga juu ya karatasi nyeupe, na nilichokiona ni jani lililosagwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi ipo, lakini nambari ya toleo haipo, alama ya Shirika la Viwango haipo, wala haipo nambari ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. Nilipouliza, niliambiwa maombi yako njiani. Jirani yangu aliyenunua kopo la duka hilo hilo mwaka uliopita alijibiwa maneno yayo hayo.

Kuhusu gharama, karatasi inamwagiza mgonjwa ameze kapsuli mbili mara tatu kwa siku kwa muda wa miezi sita. Kopo moja linaisha kwa siku kumi. Mwezi mmoja ni makopo matatu, yaani shilingi 8,400, na dozi nzima ni makopo 18, ambayo ni shilingi 50,400. Hii si pesa ndogo kwa familia inayouza dagaa au inayongoja malipo ya miwa, na mtu anayesema kwamba mitishamba ni tiba ya wasio na uwezo hajakaa chini na kalamu. Isitoshe, katika mitaa mingi ya huku mwenye mstafeli uani atakupa majani mabichi bure ukimwomba.

Hata hivyo, bei na lebo ni mambo ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuyaona mwenyewe. Nilichotaka hasa kukitathmini ni karatasi, kwa sababu ndiyo inayouza kopo, na kwa sababu nimewahi kufanya kazi ya kukuza seli maabara na ninajua majaribio inayoyazungumzia yanavyofanywa. Ina picha ya sahani ya plastiki yenye vishimo vya zambarau na njano, ina majina ya seli yaliyonakiliwa sawasawa, na haikutunga utafiti usiokuwapo. Ni kweli kwamba dondoo la majani ya mstafeli limeua seli za saratani katika maabara mbalimbali duniani. Ni kweli vilevile kuhusu muarobaini, mlonge, na ile mboga chungu ambayo Wajaluo huiita olusia, ambayo majani yake yamejaribiwa juu ya seli za saratani ya matiti huko Marekani. Tatizo ni umbali uliopo kati ya sentensi hiyo ya kweli na kapsuli iliyomo ndani ya kopo.

Jaribio lenyewe huenda hivi. Mtafiti huchukua seli ambazo zimekuwa zikikuzwa maabara kwa miongo mingi. Zilizo maarufu kuliko zote ni HeLa, zilizotoka kwenye uvimbe wa saratani ya shingo ya kizazi wa Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi aliyetibiwa Baltimore mwaka wa 1951. Seli zake zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa, na hadi leo zinaendelea kugawanyika katika maabara za dunia nzima. Nyingine ni MCF-7 za saratani ya matiti, HepG2 za ini, A549 za mapafu. Seli hizo humiminwa katika sahani yenye vishimo 96, kila kishimo kikiwa na ujazo usiofika hata robo ya kijiko cha chai, kisha dondoo lililoyeyushwa huongezwa kwa viwango vinavyopanda hatua kwa hatua. Sahani huachwa ndani ya kitotoleshi chenye joto la mwili kwa siku moja, mbili au tatu. Mwishoni hutiwa rangi ya njano iitwayo MTT, mbinu iliyotangazwa mwaka wa 1983, na seli zilizo hai huigeuza rangi hiyo kuwa zambarau kwa vimeng'enya vyake. Mashine hupima wingi wa zambarau katika kila kishimo, na mtafiti hukokotoa kiwango cha dondoo kilichopunguza uhai wa seli kwa nusu. Kiwango hicho huandikwa kwa maikrogramu kwa mililita, na kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo dondoo linavyohesabika kuwa na nguvu.

Picha ya kwenye karatasi ni ya sahani ya aina hiyo. Vishimo vya njano ndivyo ambamo seli zimekufa, na mnunuzi anayeitazama huona ushindi. Lakini seli zilizo kwenye plastiki hufa kwa vitu vingi mno: chumvi ikizidi, sabuni, pombe, hata kiyeyusho chenyewe kisipopimwa vizuri, ndiyo maana jaribio la haki lazima liwe na vishimo vilivyotiwa kiyeyusho peke yake bila dondoo. Tena majani yana kemikali zinazoweza kuigeuza rangi ya MTT kuwa zambarau zenyewe, pasipo seli yoyote, na hapo seli zilizokufa huonekana kana kwamba zi hai. Dondoo lenye rangi nzito ya kijani nalo huivuruga mashine. Hayo yote yana njia za kudhibitiwa, na mtafiti mzuri huyadhibiti. Ninayataja kwa sababu karatasi inasema "huua seli za saratani" bila kutaja kiwango, na tamko hilo bila kiwango halimwambii msomaji lolote. Kipimo ambacho Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani ilikitumia, na ambacho watafiti wengi wa mimea wamekifuata, ni kwamba dondoo ghafi huhesabiwa kuwa lina nguvu ya kutosha kufuatiliwa likiwa limepunguza seli kwa nusu katika kiwango cha maikrogramu 20 kwa mililita au chini yake. Ukikuta utafiti unaojisifu kwa maikrogramu 200 au 300, ujue kwamba kwa kipimo hicho dondoo hilo ni dhaifu, hata kama muhtasari wake umepambwa kwa maneno ya matumaini.

Tupige hesabu kidogo, kwa kuwa muuzaji hakuipiga. Chukulia kwamba dondoo linaua nusu ya seli kwa maikrogramu 100 kwa mililita. Mtu mzima ana damu ya takriban lita 5, kwa hiyo kufikisha kiwango hicho ndani ya damu peke yake kungehitaji miligramu 500 za dondoo. Kapsuli ina miligramu 500 za unga. Tukikubali kwamba sehemu moja ya kumi ya unga huo ndiyo inayotoka kama dondoo, kapsuli moja ina miligramu 50 tu, na mgonjwa atahitaji kumeza kapsuli kumi kwa pamoja. Lakini maji ya mwili hayaishii kwenye mishipa ya damu. Jumla yake ni kama lita 40, na dawa ikisambaa humo kote, kapsuli zinazohitajika ni 80, yaani zaidi ya kopo zima kwa mkupuo. Hata hapo tumedhania kwamba tumbo halikuharibu chochote, utumbo ulifyonza kila kitu, ini halikuvunjavunja na figo hazikutoa, kisha kiwango kikabaki palepale kwa siku tatu kama ilivyokuwa kwenye kishimo. Hakuna mwili unaofanya hivyo. Kiini cha manjano, kile kinachoipa bizari rangi yake, kimewasumbua watafiti kwa sababu hiyo hiyo: kwenye sahani ya plastiki kinaonekana shujaa, lakini mtu akimeza gramu kadhaa kwa siku, kinachopatikana katika damu yake ni kidogo sana.

Kuna pia suala la kiyeyusho, ambalo karatasi imelipita kimya. Tafiti nyingi za majani haya hutumia metanoli, ethanoli au viyeyusho vingine vya maabara, kwa sababu kemikali za mstafeli zinazosifiwa zaidi, ziitwazo asetojenini, haziyeyuki vizuri katika maji. Mama anayechemsha majani ya pakiti katika sufuria jikoni Nyalenda anapata kinywaji chenye vitu vingine kabisa, na matokeo ya dondoo la metanoli hayawezi kuazimwa yakabandikwa juu ya sufuria yake.

Sasa nifike kwenye sentensi iliyopigiwa mstari mwekundu, ile inayosema kwamba mstafeli una "nguvu mara 10,000 kuliko kemo", yaani tibakemikali, dawa za hospitali za kuua saratani. Sentensi hii ina asili, na inafaa asili hiyo ijulikane, kwa kuwa imezunguka dunia kwa simu na vipeperushi kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka wa 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba walikuwa wametenga asetojenini mpya kutoka kwenye mstafeli, na kwamba mojawapo iliziua seli za saratani ya utumbo mpana za ukoo mmoja, HT-29, kwa nguvu iliyozidi ile ya doksorubisini, mojawapo ya dawa za kemo, mara 10,000. Walikuwa wakizungumzia kemikali moja safi, iliyotengwa kwa kazi ya muda mrefu, ikajaribiwa ndani ya sahani, dhidi ya ukoo mmoja wa seli. Na kemikali hiyo waliitoa kwenye mbegu. Jani halikuhusika. Yaani maneno yanayouza kopo la majani yamechukuliwa kutoka kwenye utafiti wa mbegu, ambazo kila mlaji wa stafeli huku kwetu huzitema, na vyema azidi kuzitema, kwa kuwa zina sumu. Nilimwonyesha mwenye duka jambo hili. Aliniambia, kwa upole wake uleule, kwamba "mti ni mmoja". Sikuwa na la kuongeza.

Dai la tatu la karatasi ni kwamba majani haya "hayagusi seli nzima", yaani zile zenye afya. Ili kulithibitisha, mtafiti hulazimika kujaribu dondoo lilelile juu ya seli zisizo za saratani, mara nyingi zile ziitwazo Vero, zilizotolewa kwenye figo ya tumbili huko Japani mwaka wa 1962, kisha kulinganisha viwango viwili. Tafiti nyingi ndogo hufanya hivyo kwa ukoo mmoja wa seli nzima, na nyingine hazifanyi kabisa. Kwa mstafeli ninaona dai hili lina hatari kuliko mengine, kwa sababu asetojenini zinaua kwa kuzuia kazi ya mitokondria, mahali ambapo seli hupatia nguvu zake, na mitokondria zimo katika karibu seli zote za mwili, zikiwemo za mishipa ya fahamu. Huko Guadeloupe, kisiwa cha Karibiani ambako watu hula matunda ya jamii hii na kunywa chai ya majani yake kwa wingi, madaktari walitangaza mwaka wa 1999 kwamba walikuwa wakiona wagonjwa wengi kupita kiasi wenye maradhi yanayofanana na Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, lakini yasiyosikia dawa zake za kawaida, na wakayahusisha na ulaji huo. Baadaye kemikali ya anonasini, iliyo nyingi katika mstafeli, ilionekana kuharibu ubongo wa panya waliotiwa kemikali hiyo mwilini kwa majuma. Uhusiano huo kwa binadamu haujafikia uthibitisho wa mwisho, na sisemi kwamba kikombe kimoja cha chai kitamdhuru mtu. Lakini kapsuli sita kila siku kwa miezi sita ni jambo jingine, na kopo halina hata neno moja la tahadhari.

Wapo watakaosema kwamba ninaidharau mimea. Hapana. Dawa zenye nguvu za saratani zimetoka kwenye mimea, na moja ya mashuhuri imetoka kwenye majani. Ule mmea mdogo wa maua ya waridi na meupe unaopandwa kwenye bustani na mbele ya ofisi nyingi za Kisumu, Catharanthus roseus, wenye asili ya Madagaska, majani yake yaliletwa Kanada kutoka Jamaika kwa kuwa watu wa huko walikuwa wakiyanywa kutibu kisukari. Robert Noble na Charles Beer walipowadunga panya dondoo lake, sukari haikushuka, lakini chembe nyeupe za damu zilishuka vibaya na panya wakafa kwa maambukizi. Badala ya kutupa majani hayo, walijiuliza ni kitu gani kilichoziua chembe hizo, na mwaka wa 1958 wakatangaza vinblastini. Ndugu yake, vinkristini, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1963. Leo vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazotumika kutibu uvimbe wa Burkitt, ule unaovimbisha taya za watoto katika ukanda huu wa ziwa wenye malaria, na ambao Denis Burkitt aliueleza kwa ulimwengu kutoka Uganda mwaka uleule wa 1958. Hapo jani limewaokoa watoto wa Siaya na Homa Bay. Ila lilipitia mikono mingi kabla ya kufika kwenye sindano: mamia ya kilo za majani makavu kwa gramu chache za dawa safi, dozi inayopimwa kwa miligramu, na uangalizi wa hospitali, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuumiza mishipa ya fahamu. Anayechuma majani ya ua hilo akayachemsha atapata sumu isiyopimika.

Mfano mwingine ni wa hapa hapa Kenya, ingawa si wa magharibi, na ninashangaa kwamba hautajwi mara nyingi. Mwaka wa 1972 maitansini ilitangazwa kutoka kwenye mmea wa jamii ya Maytenus uliopatikana Ethiopia, nayo iliua seli za saratani kwa viwango vidogo mno, vidogo kuliko vya dondoo lolote lililomo katika duka la Kibuye. Wamarekani waliitaka sana, na mwaka wa 1976 zaidi ya tani 27 za mmea wa jamii hiyo zilivunwa katika Vilima vya Shimba, Kwale, ili kuendeleza majaribio. Ilipopewa wagonjwa, iliwadhuru kabla ya kuwasaidia, na kufikia miaka ya 1980 majaribio yalikuwa yamesimamishwa. Ilichukua miongo mitatu kabla kemikali ya ukoo huo kurudi, safari hii ikiwa imefungwa kwenye kingamwili inayoipeleka moja kwa moja kwenye aina fulani ya saratani ya matiti, na dawa hiyo iliidhinishwa mwaka wa 2013. Kwa jumla, Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani ilichuja zaidi ya dondoo 100,000 za mimea kati ya mwaka wa 1960 na 1982. Zilizofika kwa wagonjwa kama dawa zinahesabika kwa vidole, ikiwemo paklitaxeli, ambayo gamba la mti wake lilikusanywa mwaka wa 1962 na ikaidhinishwa mwaka wa 1992. Karatasi ya Kibuye inasimama kwenye ngazi ya kwanza ya safari hiyo na kutangaza kwamba imefika. Kwa mstafeli, hakuna jaribio kubwa juu ya binadamu lililoonyesha kwamba majani yake yanatibu saratani yoyote.

Nilipokuwa dukani aliingia mama mmoja wa makamo, mkononi ana bahasha ya hospitali.

"Daktari," alimwambia mwenye duka, "mgonjwa wangu anaanza kemo pale hospitali ya Russia, hapa Kisumu, wiki ijayo. Anaweza kumeza hizi pamoja na dawa zao?"

"Mama, haya ni majani tu, hayana kemikali. Mpe kwanza apate nguvu. Hospitali itamngoja."

Katika kila kitu nilichokiona na kukisikia, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Jani lisilo na kemikali halipo. Kama lisingekuwa nazo, karatasi isingekuwa na la kujisifia. Dawa nyingi za tibakemikali, doksorubisini na vinkristini zikiwemo, huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, na mmea unaovichochea au kuvizuia vimeng'enya hivyo unaweza kuifanya dawa iwe hafifu au ikae mwilini kwa kiwango cha sumu. Ama kuhusu hospitali kungoja, hospitali inaweza kungoja, lakini uvimbe haungoji. Saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi inayopatikana mapema ina nafasi nzuri ya kutibika, na miezi sita ya kapsuli inatosha kuihamisha kutoka mahali inapoweza kukatwa hadi mahali isipokatika. Mama yule nilimfuata nje nikamwambia hayo kwa ufupi, naye akanishukuru; alikuwa amekwisha kununua kopo.

Kwa hiyo hukumu yangu inagawanyika. Majani ya pakiti, yakiuzwa peke yake kama chai ya mara moja moja kwa mtu mzima mwenye afya, ningeyapa nyota tatu kati ya tano: yamekaushwa vizuri, ni halisi, na bei yake kama chai ingepaswa kuwa ndogo sana. Kapsuli siwezi kuzipa nyota yoyote kama dawa ya saratani, kwa kuwa lebo inataja dondoo wakati ndani mna unga, usajili haupo, na dozi haikutokana na jaribio lolote juu ya binadamu. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa Parkinson au wa ini, na mgonjwa aliye kwenye tibakemikali wasizitumie.

Kwa yule ambaye tayari ana kopo nyumbani na mgonjwa amekwisha kuanza kuzimeza, aende nalo kliniki siku ya miadi, kopo lenyewe pamoja na karatasi, amwonyeshe daktari au mfamasia wa saratani, na amweleze ni kapsuli ngapi kwa siku na tangu lini. Wagonjwa wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa, na daktari hubaki akitafuta sababu ya vipimo vya ini kupanda mahali ambapo sababu hiyo haipo. Kuhusu kurudishiwa fedha, niliuliza: duka hupokea kopo ambalo muhuri wake haujafunguliwa ndani ya siku saba, ukiwa na risiti, na risiti hutolewa kwa anayeiomba tu.